Alama Nne Chini ya Rangi Nyekundu

Fila ya bodi, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, ikichanganywa na dawa yake ya kugandisha hutoa harufu tamu inayokwaruza koo, kama ndizi zilizoivia ndani ya mtungi wa petroli. Wengi huikunjia pua. Mimi ikinipata popote, hata nilipokuwa chuoni nikipita kando ya gereji na vitabu vyangu, hurudi kuwa na miaka tisa, nimechuchumaa kwenye kibaraza cha mabati pale Muthara. Ni likizo ya Aprili, mvua inanyesha alasiri na kukatika, na udongo mwekundu umenivaa hadi magotini. Mbele yangu ni Baba, mguu wake mbovu ameunyoosha kando, na katikati ya mapaja amekumbatia tangi la pikipiki kama mtu anayemkanda mtoto tumbo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kunyoosha matangi yaliyobonyea na kuyapaka rangi upya. Pikipiki ikianguka, usukani hugeuka na kulipiga tangi ubavuni, na kwa barabara zetu za wakati wa mvua, Baba hakukosa kazi.

Alianza kwa kumwaga petroli yote, akalisuuza tangi kwa maji ya sabuni na kuliacha juani mdomo wazi hadi harufu iishe. Kisha aliingiza nondo aliyoipinda mwenyewe kupitia mdomo ule, akatafuta bonde kwa ndani, na kulisukuma taratibu huku mkono wa pili ukigonga kwa nje kwa nyundo ya mpira. Ngo, ngo, ngo. Sauti ilibadilika kadiri bati lilivyorudi mahali pake, na nilijifunza kujua kwa masikio kwamba amekaribia. Kilichobaki kidogo kilizibwa kwa fila, ikasuguliwa kwa msasa wa maji, na hapo ndipo mimi nilipopewa kazi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba na mdomo wangu, alisema, hupumzika mikono ikiwa na shughuli. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliuliza kwa nini msasa unalowekwa, kwa nini nyekundu hupauka upesi kuliko buluu, kwa nini Mungu hakuwapa watu mguu wa akiba.

Kabla ya mguu ule kuvunjika, Baba alikuwa mwendeshaji wa bodaboda, na pikipiki yake alikuwa ameipaka tangi rangi ya njano iliyokolea, njano ya kiini cha yai la kienyeji. Siku aliyoipaka nilikuwa bado sijaanza shule. Rangi ikiwa mbichi nilikwenda nikaweka vidole vyangu vinne ubavuni mwa tangi, nione kama ni moto. Mama alinichapa. Baba alicheka hadi akakaa chini, akakataa kabisa kuzifuta zile alama. "Hiyo ndiyo namba ya pikipiki yetu," aliwaambia hata waendesha bodaboda wenzake. "Ile nyingine ni ya serikali." Nilizoea kupanda mbele yake na kuweka vidole katika vishimo vyangu, hadi jioni moja abiria wawili wenye gunia walipomwomba awapeleke Ruiri. Walimpiga njiani, wakamvunja mguu kwa chuma, wakaondoka na pikipiki. Aliyemkuta mtaroni na kumkimbiza hospitali alikuwa rafiki yake, Baba Kinoti.

Mama alikuwa na methali moja aliyoitumia kila jina hilo lilipotajwa: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na kweli alitufaa. Alikuwa mwenyekiti wa stendi ya bodaboda, akawaomba wenzake wachange hadi Baba akatoka wodini. Kibaraza tulichofanyia kazi kilikuwa chake. Wateja alituletea yeye. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na msumbufu kupita kiasi kwa mambo ya rangi. Aliwahi kurudisha matigadi, yale mabati ya kuzuia tope la magurudumu, kwa sababu ya mbu mmoja aliyenasa kwenye rangi ikiwa mbichi. "Fundi, mimi nililipia rangi, nyama sikuagiza," alisema, na Baba akairudia kazi yote. Nilimpenda. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Asubuhi moja ya likizo ile alikuja na tangi jekundu kwapani. "Muga, mucoore," alimsalimia Baba kwa Kimeru, yaani salama, rafiki yangu. Alisema amemnunulia Kinoti, mwanawe, pikipiki kuukuu, na kijana ameiangusha hata kabla ya kuijua vizuri. Ubavu mmoja wa tangi ulikuwa na bonde la kutosha ngumi mbili.

"Umeitoa wapi?" Baba aliuliza akiligeuzageuza.

"Siakago. Kwa muuza majani ya muguka."

"Huko kote? Kwa nini hukununua hapa?" Hilo lilikuwa swali langu.

Baba Kinoti alicheka. "Huyu mtoto wako ataulizia hata maiti kwa nini imelala. Kendi, wewe sugua tangi, wakili. Nataka ing'ae, na sitaki mbu."

Baba alinyoosha bonde siku ile, na kesho yake nikapewa msasa na ndoo. Aliye­lipaka nyekundu alikuwa amepuliza rangi juu ya rangi bila kusugua ya chini. "Hii mtu alipaka na haraka," Baba alinung'unika, "kama mtu anakimbizwa." Nyekundu ilianza kutoka, maji yakawa kama juisi ya zambarau, na chini yake ikajitokeza njano. Sikushtuka. Njano zipo nyingi. Niliendelea kuzungusha msasa hadi nikaona vidoa vyekundu ambavyo havikutaka kutoka. Rangi ilikuwa imejaa ndani ya vishimo, na kila nilipoisugua njano ya pembeni, vyenyewe vilizidi kuonekana wazi. Kimoja. Viwili. Vinne, vimepangana kama vidole vya mkono. Niliweka vyangu juu yake. Vidole vilikuwa vimevizidi ukubwa vile vishimo, lakini nafasi kati yake ilikuwa yangu, na kile cha mwisho kilikuwa kimepinda kama kidole changu kidogo kilivyopinda tangu kuzaliwa.

Nilifungua mdomo kupiga kelele. Sikumaliza hata silabi ya kwanza. Kiganja cha Baba, kilichojaa tope la msasa, kilinifunga mdomo na pua, nami nikaonja fila, rangi na chumvi ya jasho lake. Alikuwa ameona kabla yangu. Sijui kwa muda gani. Hakunitazama. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, stendi ya bodaboda, ambako vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakitafuna miraa na kutaniana. Nilifuata macho yake yakanifikisha chini, kwenye doa jeusi la lami ambalo mvua zote za mwezi ule hazikulisafisha. Mwanzoni mwa likizo mtu alikuwa amepigiwa kelele pale: "Mwizi wa pikipiki!" Hakuna aliyeuliza ni pikipiki ya nani. Walitumia tairi na petroli, na ilikwisha kabla ya chai kupoa. Mimi niliambiwa nisiangalie, na niliangalia. Ndipo nikaelewa kwamba neno nililokuwa nalo mdomoni lingemuua Baba Kinoti kabla ya chakula cha mchana, awe mwizi au asiwe.

"Nyamaza," Baba akasema. "Bado hatujui."

Shuleni tulifundishwa kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna mwalimu aliyetwambia mtu afanye nini akiwa hana nguo nyingine. Baba hakula jioni ile. Alikaa na tangi mapajani, akilipapasa tu, na Mama hakuambiwa kitu. Mimi nililala nikibishana na nafsi yangu, na ubishi huo sijaumaliza. Mwizi gani angempelekea mwenye mali mali yake, aipake rangi kwa mikono yake? Hilo lilimtakasa Baba Kinoti. Lakini siku ile ya wizi, alikuwa akitafuta nini barabara ya Ruiri jioni, akawa wa kwanza kufika mtaroni? Alisema alikwenda kuangalia mbuzi. Hatukuwahi kuwaona mbuzi hao.

Baba aliimaliza kazi kama kazi nyingine yoyote. Fila, msasa, rangi ya kwanza ya kijivu, kisha nyekundu iliyong'aa hadi nikaona meno yangu ndani yake. Ikiwa bado mbichi aliniita. "Weka vidole," akasema. Nilidhani sikusikia vizuri. Akanishika mkono mwenyewe, akaupeleka ubavuni, mahali pale pale, akaubonyeza. Vilibaki vishimo vinne kwenye rangi mpya, vikubwa kuliko vya zamani. Baada ya kazi ya siku zote hizo, ulikuwa uharibifu ambao hata kipofu angeulalamikia.

Baba Kinoti alikuja akiimba. Alilichukua tangi, akaligeuza kwenye mwanga, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Kidole gumba chake kilitembea juu ya rangi kama kawaida yake ya kutafuta mbu, kikafika kwenye alama, kikasimama. Wimbo nao ukasimama. Nilisubiri aseme ile kauli yake ya nyama. Nilimsihi kimoyomoyo aiseme, atukane, atulazimishe kurudia. Baba alikuwa akifuta nyundo iliyokuwa safi tangu asubuhi. Baba Kinoti aliniangalia mimi, akaangalia mkono wangu, kisha mguu wa Baba.

"Kazi nzuri, fundi," akasema, sauti ikitoka kama imepita kwenye kitambaa. Akalitia tangi kwapani akaondoka. Sijawahi tena kushtushwa na kitu kama nilivyoshtushwa na sifa hiyo.

Baba alihamisha vyombo vyake kabla shule hazijafunguliwa, akaenda kufanyia kazi nyuma ya nyumba yetu. Kwa watu alisema mguu hautaki kutembea. Wateja waliendelea kuja. Wengi, nilikuja kujua, walitumwa na Baba Kinoti. Chuoni nimesoma kwamba kunyamaza si ushahidi, na ninaamini hivyo. Mtu anaweza kunyamaza kwa sababu amejua ghafla alichouziwa, na anaogopa doa jeusi kama sisi tulivyoliogopa. Anaweza kunyamaza kwa sababu alijua tangu siku ya mtaroni. Nimejaribu kumsomea Baba hoja hizi zote mbili. Hunisikiliza hadi mwisho, kisha huniomba nimletee msasa.

Mwaka huu nilishuka Muthara na nikamkuta Kinoti stendini, mtu mzima mwenye kitambi cha babake. Pikipiki ni nyingine. Tangi ni lile, nyekundu imepauka hadi waridi, na vishimo vyangu vinne vimejaa vumbi. Nilimuuliza kwa nini hajalipaka upya miaka yote hiyo.

"Mzee alikataa," akasema. "Nikinunua pikipiki ingine ananiambia, badilisha kila kitu, lakini tangi iache. Sijui ni kwa nini. Si umuulize? Yule pale."

Alikuwa ng'ambo, kwenye kibaraza chake cha mabati, amekaa mahali alipokuwa akikaa Baba. Amekonda. Niliweka vidole katika alama, na havikuingia tena, vilizifunika tu. Lami ya barabara imewekwa upya, lile doa halipo, na vijana waliokuwa juu ya pikipiki hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga, mtu yule alipochomwa pale. Baba Kinoti aliinua mkono. "Muga, Kendi," akaniita, bila kuniita wakili. Mimi niliyefika hadi shahada kwa kuuliza nilisimama pale, ladha ya tope la msasa ikinijaa mdomoni kama kiganja cha Baba hakijawahi kuondoka, na nikaitikia salamu.