Mpira Mmoja Chumvi, Miwili Sukari

Dada yangu alitunza stoo ya mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na wauguzi walimwita Bi Stoo. Mimi ndiye mdogo wake, na yeye aliniita Vurugu tangu nikiwa na miaka saba. Sikuwahi kupata hoja ya kujitetea. Kwangu ukitaka mkasi unaanza kuutafuta chini ya mto. Kwake ulikuwa unanyoosha mkono tu.

Alikuwa na amri zake za nyumba, na alizitoa bila kuombwa, hata msibani. Kitu kisicho na mahali pake hakiingii ndani. Shuka linakunjwa mkunjo ukitazama nje, ili uhesabu kwa kidole bila kuvuruga rundo. Kipya kinakaa nyuma, cha zamani mbele, iwe unga au sabuni. Mpini wa kikaango unaelekea ukutani. Funguo zinaning'inia kwenye msumari wa kwanza kushoto mwa mlango, siyo wa pili, wa pili ni wa mwavuli. Kiti ukikivuta, kirudishe palepale. Na usilale kabla meza haijawa tupu, maana, alisema, asubuhi hakuwa na muda wa kuanza na makosa ya jana.

Mimi yote hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Lakini baada ya kustaafu na kufiwa na mumewe, shemeji yangu, miaka minne iliyopita, amri zilizidi ukali. Nikimtembelea haniachi nioshe hata kijiko. Siku moja nilisogeza kigoda hatua mbili tu ili nipate kufagia, akanifokea kama mtoto. Nilinuna siku nzima. Nikasema moyoni, upweke umemharibu dada yangu, sasa anapenda viti kuliko watu.

Mwaka huu nilikwenda kukaa kwake wiki mbili. Jumanne asubuhi akasema anakwenda kliniki ya presha. Nikataka kumsindikiza, akakataa katakata. Jirani yake, mke wa kinyozi, angempitia kama kawaida. Wakaondoka wameshikana mikono. Nikaona raha, nikasema angalau ana shoga.

Nikabaki peke yangu na aibu ya miaka arobaini na kitu. Nikasema leo nitamwonyesha. Nikaenda dukani nikanunua mitungi midogo ya kioo kumi na miwili, yote sawasawa, yenye vifuniko vyeupe. Nikamimina humo chumvi, sukari, majani ya chai, na kila kilichomiminika. Makopo yake ya zamani yalikuwa yamechakaa, tena yamezungushiwa mipira ile ya kufungia noti, hili mmoja, lile miwili, lile mitatu. Nikacheka ubahili wake, nikatupa kila kitu kwenye pipa la taka nje. Jiko la gesi nikalihamishia upande wa dirisha, lipate mwanga. Meza nikaigeuza. Nikapiga deki mpaka mgongo ukalia. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mtu mwenye akili za nyumba, na nikachemsha maji ya chai kumpokea.

Aliporudi nilimpigia kelele kutoka mlangoni. "Dada, ingia jikoni uone mambo!"

Akaingia. Akasimama. Mkono wake ukatoka taratibu ukatafuta ukuta. "Umefanya nini?"

"Si uangalie mwenyewe!"

"Pazuri," akasema. Halafu tena, "Pazuri sana. Nenda ukakae, chai naweka mimi."

Nikaenda sebuleni kungoja sifa zangu. Nilichosikia ni ukelele. Pale alipozoea kuweka kiganja kila anapoingia jikoni, kwenye pembe ya meza, sasa palikuwa na jiko, na juu ya jiko birika iliyotoka kuchemka.

Nilimshika mkono nikauweka chini ya bomba. Kiganja kilikuwa kimebabuka. Nikawa nalia na kugomba kwa pamoja. "Lakini dada, birika yote ile hukuiona?"

Maji yalilowesha mikono yetu hadi viwikoni.

"Sioni, Vurugu," akasema. "Huu mwaka wa nne."

Ilikuwa presha kweli, ila ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kwanza. La kulia lilibaki na mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita. Daktari alimwambia kilichoondoka hakirudi. Akarudi nyumbani, akaipanga nyumba upya kwa kidole na kwa hatua, na tangu siku hiyo hakuruhusu kitu kisogee. Mke wa kinyozi ndiye peke yake aliyejua. Mpira mmoja chumvi, miwili sukari, mitatu majani ya chai.

"Makopo yangu yako wapi?" akauliza.

Nilikimbia nje. Pipa lilikuwa tupu, gari la taka lilishapita.

Nilimuuliza kwa nini amenificha mimi, damu yake. Akasema hanifichi mimi, anamficha mwanawe, ila mimi siri kwangu haina mahali pa kukaa, kama mkasi. Mwanawe ni mpima ardhi, anaishi mji mwingine, ghorofa ya nne, na mkewe na binti wa miezi miwili. Tangu baba yake afe alikuwa anasema, mama, hiyo nyumba tuipangishe, uje tukae pamoja. Mtoto mwema, na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana mtoto mbaya ungemfukuza.

"Hapa najua nilipo," dada akasema. "Kule nitaambiwa kaa hapa mama, usiguse hiki mama. Nitawekwa kwenye kochi kama mto. Akijua tu, nimekwisha. Niapie hutamwambia."

Nikaapa.

Siku tatu tulirudisha nyumba. Yeye amesimama mkono umefungwa bendeji, mimi nabeba. "Kushoto. Zaidi. Umepitiliza." Mimi niliyehamisha vitu sikukumbuka hata robo, yeye alikumbuka upana wa kila kitu kwa vidole. Nilinunua makopo na mipira mipya, nikaizungusha mwenyewe, nikahesabu mara tatu tatu kwa woga. Usiku sikupata usingizi. Ningeweza kumuua dada yangu kwa usafi.

"Umri wako hamsini na nne," akaniambia, "ndiyo kwanza unajifunza kurudisha kitu."

Lakini habari ya mkono ilimfikia mwanawe; mke wa kinyozi alimpigia kwa nia njema, hakusema la macho. Jumamosi akaja.

Dada alikuwa tayari tangu alfajiri. Alifungua mlango kabla ya hodi ya pili. "Umekonda," akamwambia, neno ambalo mama yeyote analisema hata akifumba macho. Akaenda jikoni akarudi na sinia, hatua zake zilezile. Akamimina chai ncha ya kidole ikiwa ukingoni mwa kikombe, ameizungusha kama madaha tu, na halikudondoka tone. Kuhusu mkono akasema, "Ni huyu mama yako mdogo, aliacha birika njiani. Unamjua." Mwanawe akacheka. Mimi nikacheka. Ilikuwa kweli tupu, na pumzi zikaanza kunirudia.

Ndipo akatoa simu yake, akahamia kando ya mama yake. "Mama, hebu ona kitu." Akaiweka mbele ya uso wake. Alikuwa anatabasamu, anangoja.

Simu ya dada ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Hakuwahi kutumiwa picha ya mjukuu, na nadhani hilo ndilo alilolifikiria. Akainamisha kichwa, akakikalisha upande kama anayetazama vizuri.

"Jamani!" akasema. "Pua ya babu yake hiyohiyo!"

Kijana alimtazama. Tabasamu lilikaa usoni pake bila mwenyewe.

"Ndiyo, mama," akasema baadaye. "Wote wanasema hivyo."

Akamaliza chai yake yote. Akaaga. Nilimsindikiza mpaka getini, na pale akanigeuzia simu. Ilikuwa picha ya chumba. Kitanda kimoja kimetandikwa, kabati jipya bado lina nailoni, pazia la maua.

"Tumemwandalia tangu mwezi jana," akasema. "Nilitaka kumbembeleza taratibu." Akaizima simu. "Tangu lini, mama mdogo?"

Niliapa, ndiyo. Lakini alikuwa analia barabarani, mtu mzima, na kiganja cha dada yangu nilikiona kwa macho yangu. "Miaka minne," nikasema.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Jumamosi ijayo nakuja na gari la mizigo. Usimwambie, atajifungia ndani."

Nikaitikia kwa kichwa. Sijui nilikuwa namtendea nani wema. Najua tu kwamba nilijichukia pale getini, na bado najichukia.

Niliporudi ndani, dada alikuwa anaosha vikombe kwa mkono mmoja, anaimba chini kwa chini. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu shemeji afariki.

"Hakugundua hata chembe," akasema. "Na mtoto nilimpatia, au siyo? Nilisikia tu baba yake anavyohema kwa furaha, nikajua."

"Ulimpatia, dada."

Akakausha kikombe, akakitundika mahali pake bila kupapasa. "Basi kaa wiki moja zaidi, unisaidie," akasema. "Jumamosi ijayo tushushe mapazia yote tufue."

Nikasema sawa.