Saa Moja ya Ndege wa Kiringye

Walisema sitaweza. Shemeji yangu alisema mtu aliyejisomesha Dar es Salaam kwa kuosha magari atarudi Uvira kuosha magari. Leo Kiringye nzima inatazama video kwenye simu, na naomba ikumbukwe kwamba ile sahani ya mawasiliano iliyo juu ya mnara wa Sange niliielekeza mimi, mwenye diploma.

Mnara mpya wa 3G wa Kiringye ulikuwa umesimama, mzuri, lakini bubu. Simu huongea na mnara, sawa. Ila mnara nao lazima usafirishe maneno yote hadi Sange, sahani kwa sahani, zikitazamana bila kupepesa. Ya Kiringye ilikuwa tayari. Ilibaki ya Sange, na kampuni ya simu ilinipa siku mbili. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa mafundi wa Bukavu, na shemeji anakuwa amesema kweli.

Kwa kuwa Kiringye hakukuwa na mtandao wa kumpigia mtu anielekeze, nilikopa vifaa: darubini kwa padri, kamba kwa wavuvi, na kioo kikubwa kwenye saluni moja ya Kavimvira.

"Kikipasuka," akasema mama wa saluni, "weye ndiye utasimama pale ukutani, wateja wajiangalie kwako."

Nikamtuma shemeji, ambaye hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kunicheka, akapande mnara wa Kiringye na kumulika jua kwa kioo. Mimi, juu kule Sange, ningetazama kwa darubini na kuelekeza sahani penye mwanga.

Mwanga ukaja, mkali. Nikakaza bolti kwa madaha. Kipimo cha mawimbi kikabaki sifuri. Nikalegeza, nikakaza tena, hadi alasiri shemeji alipofika kwa pikipiki.

"Nimefuata mwanga wako siku nzima," nikamwambia.

"Mwanga gani? Minye nilikuwa nakula. Kioo iko mu gunia."

Nilikuwa nimeelekeza sahani kwenye mpunga. Kule wakulima hutundika vipande vya bati ving'arishwavyo na jua ili kutisha ndege, kazi niliyoifanya utoto wangu wote.

Kesho yake nikamwendea mama anayesimamia mashamba yale, nikamwomba wafunike mabati kwa saa moja.

"Na ndege nitawaambia nini?" akauliza. "Basi, nakukopesha saa moja. Utairudisha."

Wakayafunika kwa vitenge. Ukabaki mwanga mmoja uwandani: shemeji, safari hii akiwa ameshiba. Kipimo kikapanda. Simu ya kwanza kutoka Kiringye ilikuwa yake, ya video, uso wote pua, na kwa mara ya kwanza aliniita enjenia.

Darubini ilirudi, kamba ikarudi, kioo kikarudi kizima. Mkopeshaji wa mwisho nilimlipa msimu uliofuata. Nilisimama katikati ya mpunga na shati langu jeupe la ofisini, nikigonga debe na kupayuka ili ndege waruke, saa moja ile ile niliyokopa. Nilipotoka, yule mama akatazama simu yake, yenye mtandao wangu.

"Bado dakika kumi, papa enjenia."

Nikarudi kwenye mpunga.