Uwanja Uliopakwa Kijani

Watoto wa mtaa ndio waliompa afisa wa afya jina la Mama Nukta. Afisa huyu alizunguka nyumba hadi nyumba akichota udongo kwa kijiko, akiutia katika kifuko cha plastiki, kisha akibonyeza simu inase mahali hasa aliposimama. Kila alipochota, ramani iliyokuwa kwenye kompyuta ya ofisini ilipata nukta: nyekundu penye sumu nyingi ya madini ya risasi, manjano penye kiasi, kijani pasipo na hatari.

"Mama Nukta, kwetu rangi gani?" walimpigia kelele.

"Kwenu rangi ya miguu yenu. Nendeni mkanawe!"

Sumu hiyo ilitoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, ambacho kilikuwa kimefungwa. Ramani ya Mama Nukta ndiyo iliyoamua watoto wa nyumba zipi wapimwe damu kwanza.

Uwanja mmoja hakuuchota udongo, nao ni wa mdogo wake, mshonaji. Nyumba ilikuwa mbali na kiwanda, na tena alichelea kusemwa kwamba anawatanguliza ndugu zake. Lakini kompyuta haiachi pengo. Hulijaza kwa kukisia kutokana na nukta za jirani. Majirani walikuwa kijani, basi na uwanja ule ukapakwa kijani. Mshonaji aliposikia, alishusha pumzi, akamwacha bintiye mdogo acheze chini kutwa.

Mtoto akaanza kulalamika tumbo. Baadaye maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea, moja baada ya jingine. Damu yake ilipopimwa, ilikutwa imejaa risasi.

Mama Nukta alikuja na kijiko chake, akachuchumaa kwenye tuta la mboga.

"Udongo huu mweusi umetoka wapi?"

"Si yule mwenye mkokoteni? Aliniletea nipandie mchicha. Alisema kule kiwandani umejaa tele, hauna mwenyewe."

Afisa akabaki ameshika kijiko hewani.

"Dada, si ulisema kwetu kijani?"

"Ramani ndiyo iliyoonyesha hivyo, mdogo wangu."

"Mimi ramani siijui. Nakujua wewe."

Kesho yake Mama Nukta aliweka nukta nyekundu pale, kisha akafuta rangi katika kila uwanja ambao hakuuchota kwa mkono wake, ukabaki mweupe. Tuta lilichimbwa, likachukuliwa. Daktari alisema sumu itapungua damuni, lakini kwamba maneno yatarudi, hakuahidi.

Tangu hapo hupitia kwa mdogo wake kila atokapo kazini. Mtoto, ambaye zamani alimshangilia kwa jina la utani kama wenzake, sasa humnyooshea miguu tu.

"Kwenu rangi gani?" humuuliza taratibu, akimsugua vidole katika beseni la maji. Husubiri kidogo. Mshonaji naye husimamisha cherehani, asikilize.

Mtoto hutazama maji.

Mama Nukta humfuta kisigino, humfuta katikati ya vidole, humvalisha ndara. Kisha hubeba beseni hadi mferejini, humwaga maji mbali na uwanja, na kuliegemeza ukutani likauke.