Bodi ya Masikio ya Baba

Baba alipoanza kutosikia, alijifunza kuitikia. Ukimwambia mvua inakuja, anaitikia. Ukimwambia nyumba inaungua, anaitikia vilevile, na uso wa mtu aliyeridhika. Kwa mtindo huo alimruhusu jirani kupitisha ng'ombe kwenye shamba letu la viazi, na akakubali kuwa mshenga wa watu asiowajua.

Kifaa cha masikio cha dukani kilimpigia filimbi kichwani, akakifungia kabatini pamoja na soksi. Mimi ni karani kwenye yadi ya mbao Makambako, lakini nikitoka kazini natengeneza bodi za umeme, vile vibao vyenye njia za shaba unavyoviona ukifungua redio. Watu wenye akili zao hununua za kiwandani. Mimi natengeneza za kwangu, na nimeshachoka kuulizwa kwa nini.

Nilimwandikia baba kwenye karatasi kwamba naweza kumtengenezea kikuza sauti cha kuweka mfukoni, chenye maiki na spika za masikioni. Nikamuuliza anataka kusikia nini hasa, mahubiri au taarifa ya habari.

"Nataka kumsikia mama yako," akasema, kwa sauti kubwa kama kawaida ya watu wasiosikia. "Anaongea siku nzima. Nikimuuliza kasema nini, ananijibu si kitu."

Mama alikuwa hapo hapo anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachora njia za umeme kwenye kompyuta, unazichapisha kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, unalaza karatasi juu ya kibao chenye shaba, unapiga pasi. Wino unahamia kwenye shaba. Ukikitia kibao kwenye dawa, shaba iliyo wazi inaliwa, iliyojificha chini ya wino inabaki. Kwa kuwa karatasi inalazwa kifudifudi, maandishi juu yake lazima yawe yamegeuka, ili kwenye shaba yasomeke sawasawa. Hapo ndipo nilipoumia.

Karatasi yangu ilikuwa kalenda ya mwaka jana ya duka la pembejeo, yenye picha za mbegu za viazi. Steshenari za Njombe zilikataa kuilisha kwenye mashine zao, nami nawaelewa. Dada wa steshenari moja pale Makambako alikubali. Nilimwachia faili na kalenda nikarudi yadi. Kwenye kona ya mchoro nilikuwa nimeandika BABA, kwa sababu kila bodi yangu naipa jina.

Jumamosi nikapanda kwa wazazi, Mjimwema, Njombe, na kibao changu pamoja na karatasi iliyochapishwa. Nilikagua njia zote, hakuna iliyokatika. Maandishi sikuyaangalia, nani anaangalia jina la baba yake? Nikaazima pasi ya mama. Nikaloweka kibao, nikasugua karatasi kwa kidole gumba mpaka viazi vyote vikayeyuka. Lakini Njombe mwezi wa saba dawa nayo inasikia baridi, haili kitu. Ikabidi sahani ya dawa ikae kwenye beseni la maji ya moto, nami niitikise kama ninayepepeta mchele.

"Hilo lidude lisiguse sufuria zangu," mama akasema.

Halikugusa. Liligusa kanga yake, na doa lile la rangi ya kutu lipo hadi leo.

Kibao kilipokuwa safi, nilisoma kwenye kona: ABAB, na kila B imegeuzia mgongo upande usio wake. Bodi nzima ilikuwa imegeuka. Miguu ya kidude cheusi cha kukuza sauti ingeingia kwenye matundu ya wenzake. Nilikaa kwenye kigoda nikatukana kimoyomoyo, maana ni nyumba ya Kilutheri.

Jumatatu nilimwendea yule dada. Alinipokea kwa furaha.

"Dada, maandishi yako yalikuwa yamegeuka! Nikakurekebishia. Ningeona aibu kukupa vile."

Nilitaka kugomba, lakini utamgombezaje mtu aliyekusaidia bure? Nikamwomba anichapishie tena, na ubaya wake wote. Siku hizi nikiingia tu ananiuliza mbele ya wateja kama leo nataka ya kinyume au ya kawaida, na wateja wananiangalia mara mbili.

Ya pili ilisomeka BABA. Nikatoboa matundu, nikachomelea vipuri kwa risasi ya kuyeyusha, nikaongeza taa ndogo nyekundu ya kuonyesha kuwa kifaa kinafanya kazi. Nilijivunia ile taa. Nikaitia bodi kwenye kopo la plastiki, nikamvisha baba.

"Kamwene, baba," nikamsalimia kwa sauti ya kawaida.

Aliruka. Kisha akacheka, akamgeukia mama, akasubiri.

"Chai iko tayari," mama akasema.

Siku hiyo hakusema zaidi ya hapo. Wala Jumamosi iliyofuata. Mama, aliyekuwa akiongea jikoni tangu kuwasha moto hadi kuuzima, akawa anatamka vitu vya kupika tu. Nilikasirika. Nilidhani bodi inakoroma na kumkera. Nikaifungua, nikaipima, ilikuwa nzima.

Baba ndiye aliyeliona tatizo. Alinivuta kando, akajitahidi kunong'ona.

"Betri likiisha, anaongea. Naona mdomo. Ukiweka jipya, ananyamaza. Hii taa ni ya nini?"

"Ya kuonyesha kinasikia."

"Itoe."

Nilimwangalia. Haikuwa haki, na nilijua haikuwa haki. Nikaitoa. Ni miguu miwili tu, haichukui muda.

Mchana ule mama alikuwa anapuliza moto, baba amekaa pale pale pake. Mama alilitazama lile kopo kwenye mfuko wa shati, akaona hakuna taa inayowaka. Akaanza. Alianza na ng'ombe wa jirani. Akaja kwenye bati linalovuja, kisha kwenye kanga yake na doa langu, na hapo nilisemwa vya kutosha. Halafu, bila kubadilisha sauti, huku akigeuza viazi jivuni, akasema:

"Na wewe usinitangulie. Ukinitangulia nitamsemesha nani? Hawa watoto wanasikia kila kitu."

Baba alisogeza kiti chake, akakaa bega kwa bega na mama, akasema baridi ya leo imezidi.

Mimi nikatoka nje. Sikuwa na kazi yoyote nje.