Ubao Mweusi wa Mlangoni

Nakumbuka, mwanangu, na laiti ningeweza kusahau, ile Jumamosi ya kuamkia Pasaka niliposimama kwenye mlango wa kanisa hili na mashine ya msasa mkononi, vumbi la mbao limenijaa mpaka kwenye kope, najipongeza. Hebu kaa. Hiyo mashine yako usiiwashe kwanza. Nimesikia vijana mmepanga kusugua benchi hizi zote leo ziwe kama mpya. Nisikilize, halafu utaamua mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, hata mwaka mmoja hatujamaliza tangu tutoke kambi ya wakimbizi tuje Amerika. Tulikuwa tumebanana kwenye apatimenti za Brooklyn Park, tunasali sebuleni kwa Papa Asukulu, aliyekuwa mwalimu kule kwetu Fizi, mpaka majirani wakachoka na ngoma zetu. Ndipo wazee wa Kizungu wa kanisa hili, wamebaki wachache kabisa, wakatuambia njooni msali nasi. Tukaja. Unapita Anoka, unapita mashamba ya mahindi, halafu unaliona liko peke yake.

Nilishangaa. Amerika yote ile ya maghorofa, na kanisa dogo hivi! Kuta za mawe, nene mpaka mtoto anaweza kulala kwenye dirisha. Madirisha membamba, yamepinda kwa juu. Mlango mfupi, utainama utake usitake. Na dari hilo la mbao, tazama, kama mtumbwi uliopinduliwa. Papa Asukulu akatueleza kwamba waliolijenga walikuwa wakulima kutoka Norwei, na walifuata vipimo vya kanisa la kijijini kwao, kanisa la karne za kati, la zamani kuliko nchi hii yenyewe. Walilipima ukuta kwa ukuta kwa kamba, wakaipiga mafundo, wakapanda nayo meli. Na siku ya kuondoka wakapewa ubao mmoja wa mlango wa kanisa lile la kale. Ndio huo hapo mlangoni, enzi hizo ulikuwa mweusi.

Yote hayo aliyasema, na mimi nipo. Nilikuwa nawaza spika tutaweka wapi.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, fundi rangi, nguvu tele, na mjuaji hakuna mfano. Wiki nzima nilikuwa Woodbury napaka nyumba mpya, na kule alama moja tu ya ukucha ukutani, bosi anakurudisha. Sasa huo ubao ulikuwa umejaa mikwaruzo! Vistari vifupi vifupi, mamia, vingine vimefifia, vingine vimekatwa juu ya vingine. Na kulikuwa na Mama Solveig, mwenye funguo za kanisa, bibi wa Kizungu wa mkongojo. Kila Jumapili akiingia alikuwa anasimama hapo, anapitisha kidole kwenye ubao, taratibu, halafu anaingia. Mimi nikadhani anakagua vumbi. Haki ya Mungu, nilidhani anatuonyesha kwamba sisi wageni hatusafishi.

Iliniuma. Kwetu, wewe hukuzaliwa huko, lakini mama yako atakuambia, Pasaka haiingii kwenye kanisa chafu. Vijana wanapaka chokaa, wanasugua, watu wakifika asubuhi wanakuta linang'aa. Basi nikaomba funguo, nikasema ni kufagia tu. Nilifagia. Halafu nikawasha mashine. Nilianza na msasa mkali, nikamaliza na laini, nikapaka vanishi mara mbili. Ubao ukatoka rangi ya asali, laini kama shavu la mtoto.

Asubuhi nikajiweka hapo mlangoni nimevaa suti, nasubiri sifa.

Mama Solveig akafika wa kwanza. Akainama, akaingia, akanyoosha kidole bila kutazama, kama alivyozoea. Kidole kikateleza. Akakirudisha. Kikateleza tena. Ndipo akageuza uso, akautazama ubao, akaanza kuupapasa kwa viganja vyote viwili, juu, chini, kama mtu aliyezimiwa taa. Mkongojo ukaanguka. Mimi, mjinga mimi, nikatabasamu nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: "I clean, Mama! All clean!"

Yesu wangu. Ile sauti aliyoitoa sijaisikia tena. Haikuwa kilio. Ni kama pumzi zote zimemtoka kwa mara moja. Akakaa chini kwenye sakafu, na koti lake la Pasaka.

Papa Asukulu akapiga magoti, akamsikiliza kwa muda mrefu. Alipoinuka hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga.

"Mlondani," akaniambia, "kila aliyezika mtoto katika kijiji chao alikata mstari mmoja kwenye mlango ule. Bila jina. Tangu karne hizo. Na hapa wakaendelea. Wa kwake alikuwa mvulana wa miaka mitatu, na mstari wake ulikuwa hapo, chini ya bawaba. Leo umemzika mtoto wa watu mara ya pili."

Wenzangu waliokuwa wanashuka kwenye magari wakaja kusimama nyuma yetu mmoja mmoja. Wimbo wa Pasaka haukuimbwa siku ile, na wote tulijua tunaweza kuambiwa rudini sebuleni kwenu, na ingekuwa haki.

Jumapili iliyofuata nilikuja nimejiandaa kurudisha funguo. Nikamkuta Mama Solveig amekwisha kufika, na kisu kidogo cha jikoni. Akakata mstari wa mvulana wake upya, pale pale, vanishi yangu inabanduka. Alipomaliza akanigeuzia kisu, mpini kwangu, akauliza neno ambalo hata mimi nililielewa: "Yours?" Yaani, na wa kwako?

Mwanangu, kule kambini nilimzika binti yangu, Riziki. Alikuwa na miezi kumi na minne. Tuliweka kijiti, na mvua ya kwanza ilikibeba. Tangu tufike Amerika sikuwahi kulitaja jina lake mbele ya mtu. Bibi yule hakujua. Aliuliza tu.

Nikakata. Ni ule pale, wa pili. Baadaye wengine wa kwetu wakakata wa kwao, unaiona. Lakini ile mistari mamia, ya akina mama wa karne zote hizo, hakuna aliye hai anayejua ilikuwa wapi. Niliifuta mimi, kwa mchana mmoja, nikipiga mluzi.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Kitu cha watu usikisafishe kabla hujamuuliza aliyekitumia miaka yote. Ukimwona mzee anakigusa kila siku, muulize anagusa nini. Hizi benchi zina alama chini ya viti, na mimi sijui ni za nini. Mama Solveig yupo Anoka kwa binti yake, masikio bado mazima. Nenda leo, mpelekee na mandazi.

Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kuuliza na mikono mizito ya kufuta. Watoto wako wote wakuzike wewe, usimzike hata mmoja. Na ule ubao, ukitoka, uguse.