Mlango wa Kigango

Mwaka ule mvua ilikataa kukatika. Mpanda mjini barabara zilikuwa tope tupu, lakini mapaa yetu yalibaki mahali pake na watoto wetu walilala pakavu. Ndipo wachuuzi wa dagaa walipotuletea habari za Kapalamsenga, kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya Ziwa Tanganyika. Walisema upepo ulitoka ziwani mchana kweupe, ukang'oa mabati na kuangusha kuta, na kabla watu hawajatulia mto nao ukapasua kingo zake. Padre alitangaza Jumapili, na sisi akina mama wa parokia tukaanza kukusanya nguo, sufuria, maharage, unga na mablanketi.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wadogo, na sikuwa na hamu ya kwenda popote. Lakini mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenye sauti isiyokatalika, alinitazama mbele za watu akasema, "Wewe unajua Kisukuma. Kule kuna wafugaji waliohamia na ng'ombe, wanawake wao Kiswahili kinawapiga chenga. Utakwenda."

Baba yangu alitoka Usukumani akaja kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa Mpanda. Kisukuma changu kilikuwa cha jikoni, cha kuagizwa chumvi na kugombezwa. Hata hivyo nilipanda lori.

Tulifika tumechafuka matope hadi magotini, maana kila kilima tulishuka kusukuma. Watu wa kijiji walitupokea kwa nyimbo. Nilidhani tutawakuta wanalia; kumbe walikuwa wametupikia ugali na migebuka, samaki waliopatikana kwa mitumbwi michache iliyosalia. Watoto wao walisimama pembeni wakituangalia tunavyokula. Nilitaka kusema nimeshiba, lakini mwenyekiti alinikanyaga mguu. "Kula," alisema polepole. "Ukikataa utawatukana." Nikala. Sijawahi kula samaki mtamu namna ile, na kila tonge lilinipa haya.

Baada ya kugawa vitu, mwenyekiti alitutawanya. Alisema tusifanye kama watu wa duka, kupokea jina na kutoa blanketi. Tukae na watu, tuwasikilize. Mimi alinielekeza upande wa wafugaji, nje kidogo ya kijiji, ambako familia chache zilikuwa zimejenga vibanda vya nyasi na maturubai.

Huko nilimkuta mwanamke wa rika langu, ana mtoto mchanga mgongoni, anaanika mtama ulioanza kuchipua kwa unyevu.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia.

Aliacha kazi yake. Nadhani tangu yale maafa hakuna mgeni aliyekuwa amemsalimia kwa lugha ya kwao. Alinipa kigoda, yeye akakaa chini, akaanza kuzungumza kama mtu aliyetua mzigo.

Mume wake alikuwa mbali na ng'ombe, akitafuta malisho. Siku ya upepo yeye mwenyewe alikuwa nyumbani na mtoto na mama mkwe wake, bibi mzee ambaye macho yake hayakuona vizuri. Paa liliporuka, alimshika bibi mkono wakakimbilia jengo pekee lililoonekana imara, kanisa dogo la kigango. Mlango ulikuwa umefungwa. Aligonga, akaita. Hakuna aliyefungua. Wakazunguka nyuma kujibanza kwenye ukuta wa jiko la kigango, na ukuta ule ukawaangukia. Yeye na mtoto walitoka na michubuko. Bibi alitolewa chini ya matofali akiwa hai, akafa kesho yake.

"Upepo ulikuwa na kelele," alisema. "Hawakusikia."

Nikamwambia pole. Nikamwambia Mungu anajua. Nikampa blanketi, na alilipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nilipelekwa kigangoni kusaidia kusafisha. Nusu ya paa ilikuwa imekwenda, na mabenchi yalikuwa yametolewa nje kukaushwa na jua lililoanza kujitokeza siku hizo. Katekista, mzee mwembamba ambaye kila mtu alimwita mwalimu, alikuwa akikwangua matope kwa jembe bovu. Kwa kuwa padre alifika huko mara chache, ndiye aliyeongoza sala, ndiye aliyezika, na ufunguo wa kanisa ulikaa kwake.

Tulifanya kazi bila maneno mengi. Kisha akaniuliza, "Jana ulikuwa kwa yule mama wa wafugaji. Amekuambia nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye maneno kwamba upepo ulikuwa na kelele, aliegemeza jembe ukutani, akakaa kwenye benchi.

"Nilisikia," alisema.

Sikuelewa mara moja.

"Nilisikia mlango ukigongwa. Humu ndani walijaa watoto na akina mama. Paa lilikuwa linainuka na kushuka. Niliweka mgongo wangu mlangoni, nikasema nikifungua, upepo utaingia na paa litakwenda lote." Alitazama juu, palipokuwa na anga tupu. "Na nusu yake ilikwenda vilevile."

"Mwalimu, ulikuwa unawalinda watu," nilisema.

"Ndivyo ninavyojiambia." Akaendelea akiangalia mikono yake. "Lakini nilisikia na lugha. Nikajua ni wale wa ng'ombe. Mwanangu, ingekuwa sauti ya mtu wa kwetu, sijui kama mgongo wangu ungebaki pale. Hilo ndilo linaloninyima chakula."

Alijua kabisa kwamba mimi ni Msukuma, maana alijua nilizungumza na yule mama kwa lugha yao. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi.

"Kwa sababu nyie mnaondoka kesho," alisema.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya toba, na nadhani nilijiona nimetumwa. Nikamwambia, "Nenda ukamwambie mwenyewe. Akisikia kutoka kwako itakuwa afadhali kwenu wote." Nilisema upesi, kama ninavyomwambia mteja kwamba gauni litamkaa vizuri.

"Sijui lugha yake vya kutosha."

"Nitakutafsiria."

Alipitia nyumbani kwake, akavaa shati lake safi.

Tulimkuta yule mama anamnyonyesha mtoto. Mwalimu hakukubali kigoda. Alisimama, kofia mkononi, akaanza kusema kwa Kiswahili, nami nikaanza kutafsiri. Sikuwa nimewahi kufanya kazi hiyo. Sikujua kwamba anayetafsiri huyabeba maneno kama yake. Mwalimu alisema, "Nilisikia ukigonga," na mimi, kwa sauti yangu, kwa lugha ya nyumbani kwetu, nikamwambia mwanamke yule: nilisikia ukigonga. Nilijua upo nje. Sikukufungulia.

Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

Mwalimu alipofika kwenye habari ya lugha, nilisita. Ningeweza kuliruka jambo lile. Hakuna aliyekuwepo ambaye angejua. Lakini yeye aliniambia, "Mwambie na hilo." Nikamwambia na hilo. Uso wa yule mama haukubadilika, ila mkono uliokuwa ukimpapasa mtoto kichwani ulisimama.

Kisha akasema, "Muulize, mtoto alikuwa analia. Alimsikia na mtoto?"

Nikauliza.

"Nilimsikia," mwalimu alijibu, machozi yakaanza kumtoka. Alipiga magoti penye matope, mzee yule, akaomba msamaha kwa maneno niliyoyatafsiri vibaya, maana Kisukuma changu cha jikoni hakikuwa na maneno ya namna hiyo.

Mwanamke alimtoa mtoto kwenye titi, akamfunga mgongoni, akasimama.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Nikamwambia mwalimu, "Anasema amesikia." Alisubiri kama kuna neno lingine linafuata. Halikuwepo. Akainuka, akaondoka akiwa na tope magotini.

Mimi nilibaki. Nilijaribu kumsaidia kugeuza ule mtama uliokuwa unaanikwa. Baada ya muda yeye ndiye aliyezungumza. Alisema tangu siku ya mazishi alikuwa anaamini kosa ni lake. Alikuwa amemshika bibi kwa mkono mmoja, hivyo aligonga kwa mkono uliobaki, na kila alipojaribu kulala alijiuliza kwa nini hakugonga kwa mguu, kwa jiwe, kwa kichwa.

"Kumbe niligonga vya kutosha," alisema.

Sikujua kama nimempunguzia mzigo au nimembadilishia tu. Nilitaka kumuuliza. Badala yake nilimuuliza mume wake atarudi lini.

"Wiki hii. Nitamwambia. Yule alikuwa mama yake."

Sikuwa nimemfikiria mume hata kidogo. Nilipokuwa namhimiza mwalimu, niliona watu wawili tu na mimi katikati kama mpatanishi. Sasa niliona mwanamume anarudi na fimbo yake, anakuta kaburi, kisha anaambiwa kuhusu mlango. Na mimi wakati huo nitakuwa Mpanda, nyuma ya cherehani yangu. Nilimwendea mwenyekiti, nikamweleza yote, nikamwomba tukae siku chache zaidi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Lori si letu," alisema. "Na hili nalo, mwanangu, ungeniuliza kwanza."

Tuliondoka asubuhi. Walituimbia tena. Mwalimu alisimama kati ya waimbaji lakini mdomo wake haukufunguka.

Jumapili tuliporudi, tulisimamishwa mbele ya kanisa na watu wakatupigia makofi na vigelegele. Padre alituomba tutoe ushuhuda. Zamu yangu ilipofika nilizungumza juu ya mabati, matope, na ukarimu wa watu waliotupa samaki. Makofi yaliniwasha mwilini kama upupu.

Habari nilizipata kidogo kidogo kwa wachuuzi wa dagaa. Mume alirudi. Hakumpiga mtu. Alikwenda kwa mwalimu na wazee wa pande zote mbili, wakakaa kutwa nzima, na mwisho akasema hawezi kuishi mahali ambapo mama yake aliachwa mlangoni. Aliswaga ng'ombe wake, akaondoka na familia yake, wengine walisema kuelekea Sitalike, wengine walisema mbali zaidi. Yule mama alikuwa amekwisha kulima shamba la mihogo. Aliliacha likiwa changa.

Mwalimu alirudisha ufunguo kwa padre. Hakuna aliyemfukuza.

Kiangazi tulipelekwa tena kule na mabati mapya. Nilimkuta mwalimu nje ya nyumba yake, anamenya mihogo. Amekonda zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, hata nilitamani anilaumu. Aliniletea kiti, akauliza hali ya watoto wangu, akauliza kama mvua ya mwisho ilitufikia Mpanda.

Kisha akasema, "Wale watu. Hujasikia walifika wapi?"

"Sijasikia, mwalimu."

"Unafikiri nilifanya vizuri kumwambia?"

Nikakumbuka nilivyokuwa mwepesi wa kumshauri mara ile. Nilichukua kisu kingine kilichokuwa kwenye ungo, nikasogeza kiti karibu, nikaanza kumenya naye.