Divai ya Shamba la Kisima

Shangazi yangu Carmel Tobin alikuwa na miaka hamsini na tisa alipotema mate kiganjani na kumpa baba yangu mkono. Kwetu Ballinagort, ukishatema mate na kushikana mikono, mwanasheria hana tena la kuongeza.

Walilokuwa wanaligombea ni shamba la Kisima, ekari moja na nusu za mteremko unaotazama kusini, juu kidogo ya bahari. Babu aliwaachia wote wawili, nadhani ili aendelee kuwagombanisha akiwa kaburini. Baba, ambaye kila mtu anamwita Mossie, alitaka kuongeza ng'ombe. Shangazi alitaka kupanda mizabibu.

"Mizabibu!" Baba alicheka hadi akaweka kikombe cha chai chini. "Dada, hapa kwetu hata nguo hazikauki."

"Zako hazikauki kwa sababu unazianika mvua ikinyesha. Lete mkono."

Masharti yalikuwa mepesi. Mara mbili kwa mwaka padri anakuja kusoma Misa katika nyumba moja ya kijiji, nyumba kwa nyumba kwa zamu, na zamu yetu ingerudi baada ya miaka mitano. Siku hiyo divai ya Kisima ikiwa mezani, shamba lote la Shangazi. Isipokuwepo, mizabibu inang'olewa na ng'ombe wanaingia.

Kijiji kizima kiliomba ashindwe, na sababu walikuwa nayo. Miaka thelathini na miwili Shangazi alipima maziwa ya watu kwenye kiwanda cha maziwa, na yaliyochachuka aliyakataa mbele ya mwenyewe, kwa sauti. Hakuna mwanamume wa rika lake ambaye hajawahi kurudishwa nyumbani na tangi lake. Hakuolewa. Akiulizwa kwa nini, hujibu kwamba aliyaona maziwa yao.

Basi akapanda miche mia tatu. Na hapo tukafanya kosa ambalo nadhani hakuna taifa jingine duniani lingelifanya: tuliipanda kama viazi, zao pekee tunalolijua. Tuliinua matuta, tukamwaga samadi ya ng'ombe, kisha tukashuka pwani kuzoa mwani na kuufukia kwenye mizizi, kama alivyofanya babu, na baba yake. Mimi mwenyewe, niliyesoma nusu ya stashahada ya kilimo na kuitupa nusu nyingine, nilibeba mwani mgongoni na sikusema neno. Somo la mizabibu, kama lipo, lazima lilikuwa kwenye ile nusu nyingine.

Mizabibu ilifurahi mno. Kiangazi cha pili ilinipita urefu. Kiangazi cha tatu ilikuwa msitu, majani makubwa kama sahani, na zabibu hata moja hakuna. Baba alikuwa akija kila Jumapili baada ya Misa, anaegemea lango, anatazama.

"Dada, saladi yako imekubali."

"Chuma ukale. Tumbo lako linaomba kitu cha kijani tangu ubatizo."

Alijibu hivyo, lakini jioni ile nilimkuta amekaa juu ya ndoo katikati ya majani, kimya, jambo ambalo kwake ni dalili ya ugonjwa. Miaka miwili tu ilibaki. Kisha akainuka ghafla akaenda mwisho wa shamba, penye ukuta wa mawe. Pale palikuwa na mche mmoja uliosahaulika, umesimama kwenye changarawe tupu, umekonda kama mwanafunzi wa seminari. Mwani haukufika huko kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umechoka. Mche ule ulikuwa na vishada saba.

Shangazi aliutazama muda mrefu, kisha akanigeukia. "Uliruka huu."

"Nilichoka, Shangazi."

"Uvivu wako ndio kitu cha kwanza cha maana ulichofanya tangu utoke chuo."

Kuanzia siku hiyo mizabibu ikatiwa njaa. Samadi hakuna, mwani hakuna, majani akayapogoa bila huruma, nyasi akaziacha ziote katikati ya mistari zigombanie chakula. Kwetu shamba lisilotiwa samadi ni aibu, linasemwa kanisani. Jirani yetu Bi Nonie Hallinan, mwenye miaka themanini na mbili, alikuja akamnong'oneza, "Mwanangu, kama samadi imekuishia, sema tu. Si vizuri watu kuona."

"Waache waone, mama. Nimechoka kuwapendeza."

Mwaka wa nne ilizaa. Ndege weusi wakajua kabla yetu. Bi Nonie, ambaye tayari alikuwa ameshahama upande, alivua mapazia ya wavu madirishani mwake, akayaleta yote kwenye toroli, na tukaivalisha mizabibu. Shamba lilionekana kama mabibi harusi mia tatu waliokimbiwa. Watu walisimamisha gari kucheka. Shangazi aliwapungia mkono kama malkia.

Tulivuna Oktoba, mvua ikitupiga, tukakamua kwenye beseni, tukapata chupa thelathini na moja. Bi Nonie akaonja akakunja uso wote.

"Tia sukari, Carmel. Hata divai ya matunda ya porini tunaitia sukari."

"Nikitia sukari, Mossie atasema ni juisi iliyolewa. Ibaki ilivyo."

Zamu yetu ikafika mwezi wa tano. Nyumba ilipakwa rangi, hata banda la kuku, maana Misa ikija nyumbani hupaki tu zile pande ambazo padri ataziona, unapaka na zile ambazo jirani atachungulia. Meza ya jikoni ikainuliwa juu ya matofali ikawa altare. Padri Cullinane akafungua mkoba wake, akatoa vyombo, akatoa na chupa yake ya divai.

Shangazi akaichukua akairudisha mkobani.

"Leo utatumia yangu, Padri."

Jikoni kulikuwa na watu thelathini.

"Carmel, hii si kazi ya mchezo. Lazima iwe ya zabibu tupu, isiwe imeharibika."

"Miaka thelathini na miwili nimepima kilichoharibika na kisichoharibika katika parokia hii. Onja, useme mbele yao."

"Sukari?"

"Hata punje."

Padri akatia ulimi kidogo tu. Jicho lake moja likajifunga lenyewe.

"Ni kali kama wewe," alisema.

"Sijakuuliza kama ni tamu. Ni divai?"

Padri akatazama chupa, akamtazama Shangazi, akawatazama watu.

"Ni divai."

Sasa, Misa ya kijijini hutumikiwa na mtu mmoja tangu alipokuwa na miaka minane, hata leo akiwa na kitambi, naye ni baba yangu. Wakati ulipofika alilazimika kukichukua kichupa chenye divai ya dada yake, kukishika kwa mikono miwili, kuinamisha kichwa na kukitoa mbele ya altare. Shangazi alikuwa amepiga magoti mstari wa mbele. Hakufumba macho kama wengine. Nilimwona akiifuata ile mikono hadi mwisho.

Baadaye, watu wakila soseji na mkate wa magadi, Baba alimiminiwa glasi nzima na dada yake mwenyewe. Akaimeza.

"Ng'ombe wangu wasingeinywa hii."

"Ng'ombe wako hawakualikwa."

Akatafuna mkate taratibu. "Shamba lote, au nusu?"

"Mossie."

"Nauliza tu, dada."

"Lote."

Jumatatu asubuhi alikuja na trekta, akakokota hori la maji la ng'ombe lililokuwa langoni tangu enzi za babu, akalitoa nje ya Kisima. Kabla hajaondoka aliomba chupa moja ya divai, eti ya kusafishia breki. Shangazi akampa mbili.